Mikono Sita kwa Karai Moja

Mniwie radhi kabla hamjafika mbali. Mwandiko wangu hulala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na mvua, na kuna maneno ambayo mpaka leo sijui kama yana herufi h au hayana. Shule niliachia darasa la nane. Naandika polepole, ukurasa mmoja unaweza kunimalizia alasiri nzima, na nikikosea sifuti, napiga mstari na kuendelea. Kama haya yatawafikia yakiwa yamechapwa vizuri, jueni kuna mtu amenisaidia. Msinisifu mimi.

Mimi si mtu wa kuongea. Nikiwa na watu zaidi ya wawili, maneno yangu hurudi tumboni. Lakini jambo hili limenikwama kooni kwa muda mrefu, na kwa kuwa siwezi kulisema mbele ya watu, nimeamua kuliandika. Ni habari ya wamama sita wa hapa mtaani Rhonda, mmoja wao akiwa mama yangu, na alama ya ubora ambayo tulikaribia kuipata.

Mama anakaanga krisps za viazi. Amezikaanga tangu nikiwa mdogo, kando ya barabara, karibu na pale pikipiki zinaposimama kungoja abiria. Jiko lake ni la maranda, yaani mkebe mkubwa ulioshindiliwa vumbi la mbao kutoka kwa maseremala, na katikati kuna tundu la moto. Maranda hayana shida kupatikana, na moto wake hukaa. Shida ni moshi. Asubuhi kabla moto haujashika, moshi hutoka wa manjano, mzito, na mama huwa ameinama hapo hapo akipuliza.

Kifua chake kilianza polepole. Nilikuja kugundua kwamba akitoka kuteka maji husimama katikati ya njia na kuanza kuwasalimia watu, hata wale asiowajua vizuri. Nilidhani amekuwa mchangamfu. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi na hakutaka ionekane. Nilimpeleka zahanati. Daktari alimsikiliza mgongoni, akavua vile vyuma vya masikioni.

"Mathe, dawa nitakupatia," akasema, "lakini dawa yako ni kutoka kwa moshi."

"Daktari, huo moshi ndio unatulisha."

"Basi tafuta njia ya kula bila moshi."

Tulicheka wote watatu. Mimi nilicheka kwa sababu sikujua la kufanya.

Njia ilikuwapo. Kuna mwenye supamaketi ndogo huko mjini ambaye aliwahi kuonja krisps za mama. Alikula pakiti nzima akiwa amesimama, akajipangusa mikono kwa suruali, akasema, "Mathe, hizi zinashinda zile nauza. Lakini siwezi kuweka kwa rafu kitu hakina alama ya ubora. Wakaguzi wakikuja wananifungia duka. Niletee zikiwa na alama, nitachukua kila wiki." Oda ya kila wiki ingelipa chumba chenye dirisha na mtungi wa gesi, na mama angeliacha lile jiko. Kwa hivyo mkiniona nataja alama katika maandishi haya, jueni nazungumza juu ya kifua cha mama yangu.

Habari ya alama niliipata kwenye semina. Mtu wa chifu alipita akitangaza kwamba wenye biashara ndogo wafike ukumbini wafundishwe mipango ya serikali na jinsi ya kukuza biashara. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Msidhani walikuja kwa ajili ya mafunzo. Ilikuwa imesemekana kwamba kutatolewa nauli, hata kwa sisi tuliofika kwa miguu.

Mtaalamu alikuwa mwanamume wa suti na kompyuta. Alimulika picha ukutani na kuzungumza Kiingereza, halafu kila baada ya muda anauliza, "Tuko pamoja?" Tunajibu, "Tuko!" Hatukuwa. Kulikuwa na picha ya mti mdogo, mti wa wastani na mti mkubwa, na mishale ikipanda kutoka mmoja hadi mwingine. Mama mmoja aliyekaa karibu nami, muuza sukumawiki, aliinama akaniuliza, "Huyu anauza miche?"

Baadaye mzee mmoja aliinua mkono. Mtaalamu akafurahi sana kwamba sasa kuna swali.

"Mkubwa, nauli inatolewa saa ngapi?"

Watu walicheka hadi viti vikalia. Mtaalamu alikunja uso, lakini ni kama alikuwa amezoea. Akasema watu wataanza kutia sahihi mlango wa nyuma wakati afisa wa mwisho akiongea. Ukumbi wote uligeuka. Huyo afisa wa mwisho, msichana wa umri wa dada yangu mkubwa kama ningekuwa naye, alianza kuongea na migongo ya watu.

Nilibaki kwenye kiti changu kwa sababu ya aibu, si kwa sababu ya hekima. Siwezi foleni ambayo mtu anaulizwa jina kwa sauti. Afisa aliona tumebaki wachache, akaweka kipaza sauti chini, akavuta kiti akaketi, akatuzungumzia kwa Kiswahili. Alisema anatoka ofisi ya kupima ubora wa bidhaa. Alisema wafanyabiashara wadogo wamewekewa njia yao, yenye ada ndogo, na kwamba ambao hawawezi kuwa na chumba kila mmoja wanaweza kujiunga wakawa na chumba kimoja, jina moja na alama moja. Yeye atakuja kukagua chumba, kisha atachukua pakiti mara tatu, siku ambayo hamjui, zipelekwe kupimwa. "Lakini pakiti ya leo na pakiti ya mwezi ujao," alisema, "nataka ziwe mapacha."

Jambo lenye faida kuliko yote ya siku ile waliambiwa watu sita au saba, na wengine walikuwa wamelala. Bado linaniudhi nikilikumbuka. Kwa nini halikuwekwa mwanzo? Kwa nini ile miti na mishale ndiyo iliyopewa asubuhi nzima?

Aliandika nambari yake ubaoni. Sikwenda kumsalimia. Nilikwenda nyumbani, nikamwandikia ujumbe, nikaufuta, nikauandika tena. Akanijibu kesho yake wakati wa chakula cha mchana. Tangu siku hiyo nilikuwa namuuliza swali moja moja naye ananijibu, na hivyo ndivyo nilivyojifunza mambo yote ya alama, kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Mama alisema jambo hilo tulipeleke kwenye chama. Chama chao ni cha wamama sita, wote wakaangaji wa krisps, hukutana Jumapili baada ya kanisa nyumbani kwa mmoja wao. Kila mmoja hutoa mchango, na mchango wote huchukuliwa na yule ambaye zamu yake imefika. Wiki nyingine ni mwingine, hadi wote wamalize, halafu wanaanza tena. Kitanda ninacholalia kilitoka kwenye zamu. Karo yangu ya shule ya msingi ilitoka kwenye zamu. Katika chama hicho hakuna mkubwa. Hata mwenyekiti, ambaye baba yake alikuwa mtu wa reli na sauti yake kweli ni ya reli, hungoja zamu yake kama wengine.

Mama aliniambia nisimame niwaeleze. Nilisimama. Nikatazama zulia. Mwenyekiti alingoja, akangoja, kisha akasema, "Sasa wewe ukiolewa, bwana atajuaje uko kwa nyumba?"

Walicheka, nami nikakaa. Nilimpa mama simu akawasomea jumbe za afisa moja baada ya nyingine. Kisha akaongea mama mmoja ambaye biashara yake iko kwenye kona ya kuingilia mtaani, nasi humwita mama wa kona.

"Serikali ikikupea kitu, kwanza angalia nyuma yako," alisema. "Wanataka nambari za vitambulisho watulipishe ushuru."

"Wewe ushuru si unalipa wale askari wa kanjo kila asubuhi?" mwenyekiti akamjibu. "Umewahi kuambiwa hata asante? Wacha tujaribu na hawa."

"Tukifungwa?"

"Tukifungwa, utatukaangia huko jela. Andikeni majina."

Wakaandika. Zamu za chama zilisimamishwa, mchango wote ukaenda kwenye kazi hiyo. Walipata chumba upande wa Kaptembwo, kilichokuwa bucha zamani, chenye vigae ukutani na bomba la maji ndani. Tulikisugua kwa siku kadhaa hadi harufu ya nyama ikatoka. Wakanunua mtungi wa gesi, karai moja kubwa, na mashine ya kukatia viazi, ile ya kuzungusha kwa mkono. Siku gesi ilipowashwa mara ya kwanza, moto ulikuwa wa buluu na haukuwa na sauti. Mama alisimama katikati ya chumba, dirisha likiwa wazi, akavuta pumzi ndefu bila kukohoa.

"Hapa mtu anaweza kuzeeka," akasema.

Nilikuwa na furaha ambayo sijui kuiandika.

Halafu mwenyekiti akatangaza utaratibu. "Chumba ni kama chama," alisema. "Kila mtu na wiki yake. Wiki yako, karai ni yako, oda ni zako, faida ni yako. Pakiti tu ndizo ziko na jina la kikundi. Hakuna kuonewa." Wote wakapiga makofi, na mama naye akapiga.

Mimi sikupiga. Nilikuwa nakumbuka neno la mapacha. Kila mmoja wa wamama hawa ana mkono wake. Mama hukata vyembamba, huviosha hadi maji yatoke safi, na hatumii viazi vingine isipokuwa vya Keringet, anasema vya huko vimekomaa kwa baridi. Mwenyekiti hukata vinene na kuvitia pilipili, kwa kuwa wateja wake hutoka kwenye baa iliyo nyuma yake, na mlevi anataka kitu kinachoshindana na meno. Viazi vyake ni vya Bahati, kwa rafiki yake wa kanisani anayelima huko. Mama wa kona hapendi kumwaga mafuta, kwa hivyo krisps zake hutoka na rangi ya mkate. Wote wana wateja, na hakuna ambaye krisps zake ni mbaya. Lakini si mapacha.

Usiku huo nilimwambia mama.

"Sasa unataka nani akae pale kila siku?" aliniuliza. "Unajua chama gani kisicho na zamu?"

"Chama ni cha pesa, mama. Hiki ni cha viazi."

"Kwani kiazi hakijui zamu?" Akacheka, akanivuta sikio kama mtoto.

Nilimwandikia afisa. Akajibu kwamba hakuna ubaya kupokezana, mradi wote wakaange kwa namna moja. Nikapata moyo. Nilikaa chini nikaandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, namna ya mama: viazi vya wapi, unene, kuosha, mafuta ya kubadilisha lini, chumvi kijiko kipi. Ilinichukua siku mbili. Nikaipigilia msumari ukutani karibu na gesi. Wiki iliyofuata nilipoingia, nilikuta mama mmoja ametundika sweta yake kwenye huo msumari, juu ya karatasi. Nikaitoa sweta. Kesho yake ilikuwa imerudi.

Afisa alikuja mara ya kwanza katika wiki ya mama. Alikagua sakafu, akakagua kucha, akatazama maji. Akachukua pakiti akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. "Zikiwa hivi," alisema, "mimi sina shida na nyinyi." Mama alijifanya anapanga sufuria ili asionekane akitabasamu.

Mara ya pili alikuta wiki ya mwenyekiti. Aliitazama pakiti, akaigeuza, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Hii ni bidhaa ile ile?"

"Ni ile ile, madam," mwenyekiti akasema. "Imenona tu."

Afisa alicheka, na hilo lilitudanganya. Tulidhani akicheka mambo ni sawa.

Mara ya tatu ilikuwa ya mama wa kona, na siku hiyo mafuta yalikuwa yamefanya kazi sana. Afisa hakucheka. Alivua kofia yake nyeupe akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaomba wote waitwe. Walipofika alisema kwa upole, na upole wake ndio uliniuma.

"Mama zangu, mnanipatia bidhaa tatu kwa jina moja. Mtu akinunua pakiti yenu leo akaipenda, akirudi wiki ijayo anakuta nyingine, atasema amedanganywa. Mimi najua nyinyi ni watu wazuri. Lakini alama haipewi watu. Inapewa kitu ambacho hakibadiliki. Chagueni mkono mmoja, huo ukaange kila siku. Wengine wamenye, wapakie, wauze, mgawane faida. Zile mara tatu zimeisha, lakini nitarudi mwisho wa mwezi, nichukue pakiti kwa mara ya mwisho."

Alipoondoka nilifikiri kwamba hilo sasa ni jambo rahisi. Kila mtu alijua ni krisps za nani zilizosifiwa. Kila mtu alijua pia ni nani asiyefaa kukaa kwenye moshi. Mambo yote mawili yalikuwa yanaelekea kwa mtu mmoja. Nilihesabu kwamba mkutano utakuwa mfupi.

Walikutana pale pale chumbani, wengine kwenye ndoo, wengine kwenye magunia ya viazi. Mama wa kona ndiye aliyeanza. "Si tuseme tu ukweli. Mkono ni wa huyu," akamwonyesha mama kwa kidevu.

"Akiwa yeye kila wiki, sisi tutakuwa nani?" mwenyekiti akauliza. "Wafanyikazi wake?"

"Hakuna mtu amesema mfanyikazi."

"Nitamenya viazi, nioshe, nipakie, halafu sifa ni za mwingine. Mimi nilianza kukaanga kabla huyu hajaolewa."

"Na wateja wangu wa kila siku wakiniuliza krisps zangu ziko wapi?" mama mwingine akadakia. "Niwaambie mkono umestaafu?"

Walicheka, lakini kilikuwa kicheko kifupi. Nilikuwa namtazama mama. Nilikuwa namsukuma kwa macho aseme neno moja tu. Akasema, "Mimi siwezi kukaa juu yenu."

Nilisimama. Sauti ilikuja, ndogo, lakini ilikuja. "Ni kifua chake."

"Keti," mama akaniambia.

Mwenyekiti alinigeukia, na naapa kwamba uso wake ulikuwa wa huruma. "Kifua chake tunakijua, mwanangu. Ndiyo maana tunasema zamu. Wiki yake ikifika, anapumzika na moshi."

Wengine waliitikia kwa vichwa. Waliona wamesema jambo la haki kabisa. Wiki moja ndani ya chumba safi, wiki tano kwenye maranda. Walikuwa wanagawana hewa kama wanavyogawana mchango, na hakuna aliyeona kasoro. Nilitaka kupiga kelele. Nilikaa chini.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza mama kwa nini hakukubali. Sijawahi kumwuliza jambo kwa hasira kama siku ile.

"Baba yako alipokufa," alisema, "nani walilala kwa hii sakafu hadi tukamzika? Nani walipika? Nani walikusanya ya gari la kumpeleka? Huyo mwenyekiti alivua leso yake kiunoni akanifunga nayo, kwa sababu yangu sikujua iko wapi. Leo nimwambie, njoo umenye viazi vyangu?"

"Yeye mwenyewe anaweza kukubali, mama."

"Anaweza. Hajakubali."

"Basi utaendelea kuvuta moshi kwa ajili ya leso?"

Alijigeuza upande wa ukuta. Nilimsikia akikohoa, akijaribu kukohoa kidogo kidogo ili nisisikie.

Mwisho wa mwezi ulipokaribia afisa aliniandikia, "Mmeamua?" Niliandika mengi nikayafuta. Nikamtumia neno moja, "Bado." Nilikwenda hadi kwa mwenyekiti nikasimama mlangoni kwake. Aliniuliza, "Umetumwa?" Nikasema hapana. Akanipa chai. Nikanywa, nikashukuru, nikaondoka bila kusema nililoendea. Siku ikafika, ikapita, mkono bado haujachaguliwa. Afisa akaeleza kwamba maombi yetu yamefungwa, na kwamba tunaweza kuanza upya wakati wowote tutakapokuwa tayari, na ada ni ya kulipa tena.

Kodi ya chumba ilikuwa inaendelea kula pesa, kwa hivyo walikirudisha. Gesi iliuzwa, karai likauzwa. Mashine ya kukatia viazi ilikataliwa kuuzwa kwa kuwa kila mtu aliipenda. Mnajua waliifanyaje? Inazunguka. Wiki hii iko kwa mama wa kona.

Mwenye supamaketi alimuuliza mama siku moja kuhusu zile pakiti, mama akamwambia bado zinapikwa. Alimwambia akicheka.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Nikianza na mtaalamu wa miti na mishale, nasema angalau alikuja. Nikimkasirikia afisa, nakumbuka alinijibu kila ujumbe, hata ule wa kuuliza kama kucha ndefu zinakubaliwa. Lakini naye, kwa nini hakutuambia kabla hatujalipa chumba kwamba lazima awepo mkono mmoja? Labda alidhani neno mapacha limetosha. Labda alikozaliwa watu hawagawani kila kitu kwa zamu. Wanapotupangia mipango huko ofisini wanasema jiungeni, jiungeni, kikundi ndicho kinasaidiwa. Sisi tulikuwa tumejiunga kitambo. Tulijiunga kwa ajili ya misiba na karo, na sheria yetu ni kwamba hakuna anayemzidi mwenzake. Halafu anakuja mtu anasema ili mkue, mmoja awe mbele. Hakuna aliyekuja kutufundisha jambo hilo linafanywaje bila watu kuvunjana. Hilo ndilo ningetaka limulikwe ukutani.

Mwezi wa saba, baridi ilipokuwa kali, kifua cha mama kilimlaza. Alipopata nafuu nilimwambia jikoni harudi. Tulibishana siku nzima, na kwa mara ya kwanza nilishinda. Sasa yeye anamenya na kukata akiwa nyumbani, mlango ukiwa wazi, na mimi ndiye ninayekaa kando ya barabara kwenye maranda.

Siwezi kuita wateja. Nikifungua mdomo naona kama barabara nzima inanitazama. Siku za kwanza watu walipita tu, wakadhani nalinda jiko la mtu mwingine. Kisha nikasikia sauti ya reli kutoka ng'ambo ya barabara.

"Nyinyi wa pikipiki! Nunueni kwa huyo msichana. Haongei lakini zake ni tamu!"

Alikuwa mwenyekiti, ameshika kijiko chake kirefu, karai lake mwenyewe likichemka, wateja wake mwenyewe wakimngoja. Anafanya hivyo hadi leo, kila asubuhi. Angekuwa mtu mbaya ningemchukia nikapumzika.

Wafanyabiashara wengine wamesikia kwamba najua mambo ya serikali, basi huja kuniuliza. Fundi wa viatu aliniuliza jinsi ya kusajili jina la biashara, nikamwonyesha kwa simu. Mama wa uji aliniuliza ya mikopo ya vikundi. Wanapenda kuja wakati hakuna watu, nami ninaweza. Lakini wakiniuliza, "Na nyinyi alama yenu iliishia wapi?" nawasha jiko hata kama limewaka.

Nawaomba sasa nyinyi mnaosoma. Kama mko kwenye kikundi, pale Bahati, Molo, Gilgil au popote, na mlipata alama moja mkiwa wengi, niandikieni mlivyofanya. Mlimchagua vipi wa kukaanga, au wa kushona, au wa kuchanganya sabuni? Aliyechaguliwa alisema nini siku hiyo? Na wale ambao hawakuchaguliwa, mliwapa nini ili warudi kesho yake? Msiniandikie kwamba umoja ni mzuri, hilo tunalijua. Niandikieni maneno yenyewe yaliyosemwa, na nani aliyeyasema kwanza, ili nimsomee mama, na mama akikubali, nivuke barabara nimsomee mwenyekiti. Na kama wewe ni wa ofisi za serikali na umewahi kuona kikundi kikifanya hivyo, niandikie wewe pia, kwa Kiswahili tafadhali.

Mimi nitajibu kila mmoja, ingawa nitachelewa. Lakini nyinyi msichelewe. Asubuhi, kabla moto haujashika, nafunga leso puani na kuinama kupuliza, na juma hili mama amekuja hadi barabarani mara mbili, akasimama kunitazama ninavyovuta pumzi.